Mwenzako Akikosekana

Mwaka 1973 Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikusanyika vijijini kuizunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu na mwenzao anayejua kusoma, kisha redio ikazimwa. Hapo ndipo somo lilipoanza. Nani ana choo na nani hana? Maji tunayochota yanatoka wapi? Tunaanza kuchimba lini, na kwa jembe la nani? Walioshiriki walifika milioni 2 hivi, na vyoo vikachimbwa kweli.

Mtangazaji hakumsikia hata mmoja wao. Redio ilisema tu, haikuwa na namna ya kujibiwa. Lakini silijui darasa la mbali lililokuwa na ujirani zaidi kuliko lile.

Kozi za mtandaoni za leo zina kila ambacho redio ile ilikosa: sauti inakwenda na kurudi, picha ipo, ujumbe unafika kwa kufumba na kufumbua. Mwaka 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walipofungua bure kozi yao ya akili mnemba kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, walijiandikisha watu wapatao 160,000. Waliomaliza hawakufika robo. Si wote walioshindwa, maana wapo waliokuja kuonja tu. Wengine, naamini, waliondoka kwa sababu hakuna aliyegundua kwamba hawapo.

Hapo ndipo panaponiuma. Tunadhani tukiwapa watu mahali pa kuzungumza, watazungumza. Tazama kundi la WhatsApp la kozi usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Mwalimu ameagiza kila mtu atoe maoni na kumjibu mwenzake mmoja, kwa alama 5. Kundi lililokuwa kimya wiki nzima linafurika saa tano usiku: “Nakubaliana na mwenzangu, hoja yako ni nzuri.” Chini yake mwingine anaandika hayohayo. Hakuna aliyemsoma mwenziwe. Siwalaumu, kwa kuwa kazi yenyewe haikumhitaji mtu yeyote. Bando linaisha, alama zinapatikana, na kila mmoja anabaki peke yake.

Sasa chukua kozi ya biashara ya mazao. Mwalimu anawagawa watano watano, kila mmoja alete bei ya gunia la mahindi kwenye soko lake wiki hiyo, pamoja na nauli ya lori. Wakiziunganisha, waamue mzigo upelekwe wapi. Aliye kwenye soko la Kibaigwa asipoleta bei yake, hesabu haifungi. Atatafutwa. “Vipi Kibaigwa, mbona kimya? Mtoto anaumwa?” Na akijibu, huenda akasema kwamba gunia la kwao limejazwa lumbesa, yaani kupita kipimo, kwa hiyo bei zao hazilingani. Hilo halimo kwenye video ya mwalimu, na lilikuwa kichwani mwa mwanafunzi siku zote likingoja kuulizwa.

Kutafutwa ndiko kunakoipa elimu uzito. Ninachokijua kinakuwa deni kwa wengine, na nisichokijua hakiwi aibu tena, kwani kila mmoja amekuja na pengo lake. Watafiti Jean Lave na Etienne Wenger, katika kitabu chao cha 1991, walieleza jinsi mafundi cherehani wa Liberia walivyowaanzisha wanagenzi kwa vifungo na pindo. Kazi ni ndogo, lakini nguo ni ya mteja na lazima ivalike. Mgeni anahitajika tangu siku ya kwanza, hata kabla hajajua kukata kitambaa.

Mwalimu anayeogopa ukimya huharibu haya yote. Swali likiulizwa saa nne asubuhi, saa nne na dakika mbili amelijibu yeye, na wanafunzi wanazoea kumngoja.

Wewe unayeandaa kozi, kabla hujarekodi video ya kwanza, andika kazi moja ambayo mwanafunzi wako hataimaliza bila wenzake. Ukishaipata, video utazirekodi chache.