Kutimiza Mkataba na Kutimiza Haja



Ikiwa mtu amekuahidi kitu, akakupa kama alivyoahidi bila ya kupunguza, nawe ukabaki na shida ile ile uliyokuwa nayo, je, amekutimizia haki yako? Suala hili wazee wetu wakilizungumza kwa mifano ya fundi na mshitiri. Mimi limenijia kwa mlango wa kompyuta, nami nakueleza kama lilivyonijia, kwani leo ni nyumba chache katika mwambao wetu zisizokuwa na haja na watu wa huduma hizi.

Madrasa yetu husomesha kwa intaneti baina ya magharibi na isha. Wanaosoma ni watoto wa jamaa zetu walioko Maskati na London, ambao wazazi wao wanachelea wasije wakakua hawajui kusoma wala kusema kama bibi zao. Mwaka uliopita, katika mwezi mmoja, mtandao ulikatika jioni saba. Watoto wakingoja mbele ya kioo, mwalimu hayupo. Nikenda kwa wenye kutuuzia mtandao. Nilipokewa kwa adabu, nikapewa kiti, na kijana mmoja akafungua hesabu zake akanambia: "Sheikh, mkataba wetu ni asilimia 99, na mwezi huu tumekupa asilimia 99. Hatuna deni kwako."

Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Asilimia moja yake ni saa 7 na dakika 12. Darasa letu ni la saa moja. Basi saa hizo saba zikikatika usiku wa manane, mimi nimelala na sina habari nazo. Zikikatika katika darasa, nimepoteza karibu robo ya masomo ya mwezi. Kijana hakusema uwongo hata kidogo, na hilo ndilo lililonisumbua. Lau angelisema uwongo ingelikuwa rahisi kumjibu.

Mabingwa wa kazi hii wanaijua aibu hiyo, na wameipa jina: tikiti maji. Katika ripoti zao alama ya kijani ni salama na nyekundu ni shida. Basi ripoti nje huwa kijani kitupu, ukiipasua ndani ni nyekundu tupu. Wala si jambo jipya. Katika miaka ya 1980 serikali ya Uingereza iliona kuwa inatumia fedha nyingi katika kompyuta na kazi hairidhishi, ikaandikisha vitabu vya taratibu vijulikanavyo kwa jina la ITIL, vya kwanza vikatoka mwaka 1989. Katika mafunzo hayo mna mambo mawili ambayo huduma haina budi kuwa nayo: kwanza ifae kwa kazi iliyokusudiwa, pili iwepo na itegemewe pale inapohitajiwa. Yule kijana alikuwa na nusu ya jambo la pili, na la kwanza hakuniuliza.

Mtu aweza kusema: mhudumu hajui yaliyomo nyoyoni mwa watu, anajua yaliyoandikwa. Ni kweli. Lakini mshona kanzu naye hajui yaliyomo nyoyoni, na hata hivyo hakati kitambaa kabla ya kukupima, na akiwa fundi kweli atakuuliza pia ni kanzu ya Idi au ya kuendea kazini.

Tena mtu aweza kusema kuwa masomo saba si msiba. Hilo pia nalikubali. Basi na tutazame palipokuwa msiba.

Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kueneza katika matawi yake programu ya hesabu iitwayo Horizon, ya kampuni ya Fujitsu. Matawi madogo huendeshwa na watu wa mtaani, wengi wao wenye maduka, na mkataba ukiwabebesha upungufu wa fedha unaotokea. Kompyuta ikawa yaonyesha upungufu ambao haukuwapo. Wakapiga simu kuomba msaada, na wengi wamesimulia kuwa waliambiwa ni wao peke yao wenye shida hiyo. Baina ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi na hesabu za uwongo kwa ushahidi uliotokana na programu hiyo. Wako waliofungwa, wako waliofilisika, na wako waliojiua. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikaamua kuwa programu ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia yao.

Nimeifikiri sana simu ile. Aliyenunua programu ni Posta, na aliyekaa nayo kutwa ni mwenye duka. Mnunuzi akisikilizwa na mtumiaji akidhaniwa mwizi, hapo hapana tena kufahamu haja ya mtu. Kwani anayekuja na malalamiko huja na habari ambayo mhudumu hana. Akimpokea kwa dhana mbaya, ameitupa habari na ameivunja heshima ya mwenzake pamoja.

Kinyume chake kilitokea huku kwetu. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa watu wa mikopo midogo walipe madeni yao kwa simu. Waliopewa kuijaribu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye mradi wangeliweza kuwakemea kuwa wanaharibu mpango. Lakini waliyatazama yale waliyokuwa wakiyafanya, na Machi 2007 huduma ikatolewa kwa umma ikiwa ni ya kupeleka fedha nyumbani. Watu hawa hawakuandika barua ya kudai, waliionyesha haja yao kwa vidole vyao.

Hapa sina budi kukiri langu. Nilipokuwa nikiwalaumu wale wenye mtandao, mke wangu aliniuliza: "Wewe uliwahi kuwaambia mwasomesha saa ngapi?" Sikuwahi. Nilitia saini karatasi bila ya kuisoma, jambo ambalo mwanafunzi wangu akilifanya humrudi. Sisi wateja tuna desturi ya kusema "haifanyi kazi" na kukata simu, kisha tukataka mwenzetu atambue mengine mwenyewe.

Nikarudi mara ya pili, bila ya hasira. Safari hii nilimkuta mwanamke wa makamo, mkubwa wa mafundi. Hakufungua hesabu. Akaniuliza, "Sheikh, wanaosoma ni nani, na ni saa ngapi kwao?" Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akanambia kuwa wao hufanya matengenezo kuanzia saa 12 na nusu jioni, kwa sababu maofisi huwa yameshafungwa na hakuna anayesumbuka. Walidhani wateja wao wote ni maofisi. Akachukua kalamu akaandika, na tangu mwezi ule matengenezo ya mtaa wetu hufanywa saa 8 za usiku.