Mungu Alimwita Fundi kwa Jina

Somo: Kutoka 31:1–11, 39:42–43



Mtu wa kwanza ambaye Maandiko yanasema Mungu alimjaza roho yake ni fundi: Bezaleli wa kabila la Yuda. Alipewa hekima ya kufua dhahabu, kuchonga mbao na kukata vito, naye Oholiabu akawa msaidizi wake.

Nikisoma habari hizi nawakumbuka Bill Sellanga, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu, vijana wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliounda kundi la muziki la Just A Band. Bila kampuni kubwa ya muziki nyuma yao, walitunga, wakarekodi, wakachora na kupiga video wenyewe. Mwaka 2008 walitoa albamu ya kwanza, Scratch to Reveal. Mwaka uliofuata wakatoa albamu ya pili, 82. Ni mwaka 2010, kwa video ya wimbo Ha-He, ambapo jina la Makmende, shujaa wa video hiyo, lilivuma nchi nzima. Kazi ilikuwa imetangulia sifa.

Hapa Kanyakine tunajua kuzindua albamu ya kwaya. Tunaalika wageni, tunafanya harambee, tunacheza mpaka jioni. Ni vyema. Lakini kijana anayerekodi chumbani nyimbo za mapenzi, za upweke na za kutafuta kazi, tunamuuliza ataacha lini mchezo huo.

Katika somo letu, Musa aliikagua kazi yote ya hema kwanza, ndipo akawabariki walioifanya. Kwa wimbo, kukagua ni kusikiliza. Mzazi asiyeusikia wimbo wa mwanawe hana cha kusifu wala cha kuonya.

Nanyi vijana, kumbukeni Musa aliwabariki mafundi kazi ilipokamilika. Rudieni sauti iliyoyumba. Msichukue mdundo wa mwenzenu bila idhini yake. Mlipeni mpiga gitaa mlivyopatana, na majina ya wote waliosaidia yaandikwe. Uaminifu huo ni ibada, hata kama wimbo wenyewe haumtaji Mungu.

Wiki hii, baba, mama, mwombe mwanao akusikilizishe wimbo wake mmoja. Usikilize hadi mwisho, kisha mzungumze.

Tuombe: Ee Mungu uliyemwita Bezaleli kwa jina, wajaze vijana wetu ustadi na uvumilivu wa kumaliza walichoanza. Utupe sisi wazee masikio ya kusikia na kinywa cha kubariki. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.