Kipimo cha Ubongo na Siri ya Nia

Ikiwa wataalamu waweza kupima kazi ya ubongo pasi na kulifungua fuvu, je, wamekwisha kuifikia siri ya moyo? Swali hili si la mchezo, kwani tendo hupimwa kwa nia yake, na kwa hukumu ya tendo huhifadhiwa au hupotea haki za watu.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Ubongo hutenda kazi kwa umeme mdogo, na kila upitapo umeme huzuka nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ni dhaifu mno. Sumaku ya ardhi, igeuzayo dira ya nahodha, yaishinda kwa mamilioni ya mara. Mwaka 1968 David Cohen aliipima huko Marekani kwa koili ya waya wa shaba. Vyombo vilivyofuata vilitaka heliamu iliyogeuzwa maji, kwa baridi ya nyuzi 269 chini ya sufuri, na mwenye kupimwa hakuruhusiwa kutikisa kichwa. Mwaka 2018 wataalamu wa Nottingham na London walitangaza kofia ya vipimo vipya. Ndani ya kila kipimo mna kichupa cha mvuke wa madini ya rubidi, na mwali wa leza hupita humo. Sumaku ya ubongo ikiugusa mvuke, mwanga hubadilika, na badiliko hilo ndilo lisomwalo. Baridi ile haihitajiwi tena, na mwenye kuivaa aweza kugeuka, ila ni lazima awe katika chumba chenye kuta za kuzuia sumaku ya nje.

Faida yake iko wazi kwa wenye kifafa, hasa watoto wasioweza kutulia: husaidia kujua ugonjwa unaanzia wapi ubongoni. Nasi hapa pwani, ni mara ngapi mtoto aangukaye amesemwa ana pepo, akapigiwa ngoma na kufukizwa, na dawa ya tabibu ikaachwa? Kuipa kisogo elimu kama hii si uchaji Mungu, bali ni kumdhulumu mtoto.

Amma wenye kudhani kwamba sasa nia imefichuka, nao wamepotoka. Matajiri wawili humnyoshea maskini mkono, mmoja kwa ikhlasi na mwengine ili asifiwe. Kipimo chaonyesha ubongo ukiuendesha mkono. Na hata kingeonyesha tofauti baina yao, hiyo ingekuwa ni alama tu. Alama yataka mfasiri, na mfasiri ni mwanadamu, hukosea na huhongeka.

Basi tuipokee elimu hii kwa matibabu. Lakini akitokea mwenye mamlaka atakaye kumhukumu mtu kwa michoro ya kichwa chake, yatupasa tumkatalie. Mtu huhukumiwa kwa alilolitenda likashuhudiwa. Yaliyomo kifuani mwake hesabu yake iko kwa Mola wake.