Haki ya Maiti na Haki ya Aliye Hai

Akifa mtu kwetu, jambo la kwanza kuulizwa ni: nani atamwosha? Kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya. Wakiacha wote, wote wamepata dhambi. Je, ikiwa kule kumwosha ndiko kutakakomuua mwoshaji na wanawe?

Suala hili si la kubuni. Mwishoni mwa mwaka 2013 maradhi ya Ebola yalizuka katika kijiji cha Meliandou, nchini Guinea, yakaenea Sierra Leone na Liberia. Hadi yalipokwisha, mwaka 2016, walikuwa wamekufa watu zaidi ya 11,000. Maradhi hayo hupita kwa damu na majimaji ya mwili, na mwili wa maiti huwa umejaa vijidudu vyake. Wengi waliambukizwa mazikoni, kwa kumpenda tu yule maiti wao.

Wakaletwa watu waliovaa mavazi ya kujikinga, wakimtia maiti mfukoni na kwenda kumzika. Jamaa wakakasirika; wengine wakaficha wagonjwa, wakazika kwa siri. Mimi siwalaumu. Achelaye mamake asizikwe kama mzoga ana dini huyo.

Lakini dini hiyo hiyo ilikwisha wafungulia mlango. Vitabu vyetu vya Kishafii vyasema juu ya maiti aliyeungua, ambaye maji yatamharibu: hutayamamishwa. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani, baada ya kushauriana na Waislamu na Wakristo, lilitoa utaratibu uliokubali tayamamu na sanda nyeupe. Hukumu ilikuwamo kitabuni miaka mingi. Masheikh ndio waliohitajika kuifikisha vijijini kabla ya ule mfuko.

Wako wasemao kuwa kujikinga ni kukimbia kadari. Sayyidna Umar alirudi njiani asiingie Sham kwenye tauni, na Abu Ubayda alipomuuliza neno hilo hilo, alimjibu kuwa wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Abu Ubayda naye, aliyekuwa na watu wake huko Sham, alibaki nao akafa. Wote wawili walifuata agizo moja la Mtume (S.A.W.): usiingie, na ukiwamo usitoke.

Na wale ambao hawakuwahi kumsalia maiti wao, kwa madhehebu yetu aliyekuwa mtu mzima siku ya kifo kile aweza kumsalia kaburini hata leo.