Mota ya Bei Nzuri

 

Fikiria mota kuukuu ya mtumbwi. Iko mchangani, imefunikwa turubai. Bei nzuri. Nzuri mno. Unainunua. Unanunua plagi, unanunua propela, unasugua kutu usiku baada ya usiku. Inanguruma. Moyo nao unanguruma.

Halafu fundi anapitisha kidole pale penye namba. Pamesuguliwa kwa tupa.

Kimya.

Maana mvuvi wa Ziwa Tanganyika anajua: mota huporwa usiku, katikati ya maji, taa za kuvulia ndagala zikiwaka. Mwenyewe hurudi kwa kasia. Kama akirudi.

Si kila kitu chenye sura mpya kimeibwa. Liemba, meli kongwe ya ziwa hili, ilizamishwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikainuliwa na Waingereza, ikapewa jina jipya. Lakini jina la zamani, Götzen, halikufichwa. Rangi mpya si kosa. Kosa ni tupa.

Wewe hukuiba, baba. Ulitoa pesa yako, ukatoa jasho lako. Na bado, mahali fulani ufukweni, kuna nyumba isiyopika ndagala.

Leo, ukifika sokoni, kabla ya kuuliza bei, uliza: "Hii ilikuwa ya nani?" Kisha mtazame muuzaji machoni.