WAZO LA LEO: Anza na Kitambaa cha Kiganja

Kofia ya viua, yaani ya vitundu vilivyodariziwa, ile inayovaliwa hapa Watamu siku ya Ijumaa, Idi au nikaha, huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kudariziwa kwa mkono. Anayejifunza akianza na kofia nzima, mara nyingi huchoka kabla hajafika nusu.

Basi anza na kipande cha pamba nyeupe, upana wa kiganja. Kikunje kiwe tabaka mbili, maana kofia nayo ni tabaka mbili. Piga mstari kwa penseli, kisha toboa vitundu vyenye nafasi sawa. Usikate nyuzi za kitambaa. Zisukume kando kwa ncha ya sindano nene. Zungushia uzi ukingoni mwa kila tundu, mishono ikikaribiana, na kila unapovuta, vuta kwa nguvu ile ile. Ukikaza mno, kitambaa hujikunyata. Ukilegeza, tundu hufumba. Ukimaliza, geuza utazame upande wa ndani: kazi nzuri ni safi pande zote mbili.

Kipande hicho hakitavaliwa na mtu, lakini si hasara. Hapo ndipo mkono unapopata kipimo chake. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Kama kwenu yuko nyanya au shangazi anayejua kudarizi, mwombe leo akuonyeshe tundu moja tu. Ujuzi huu umo mikononi mwa wazee wetu. Usingoje kesho kuuomba.