Shahidi Asiye na Kinywa



Tuseme kwamba katika kijiji kimoja cha pwani ya ziwa, upande wa Magu, mtu mwenye nguvu zake amekula chakula cha jioni, na kabla jogoo hajawika amekufa. Watu wakusanyika msibani. Mmoja anong'ona, wa pili aitikia, na kabla ya maziko jina la bibi kizee fulani limekwisha kutajwa, kwa kuwa macho yake ni mekundu. Hapana akumbukaye kwamba bibi huyo amepika miaka mingi kwa moshi wa samadi ya ng'ombe, na ya kuwa moshi ndio uliomharibu macho.

Mambo hayo twayajua. Tangu mwaka 1970 hata 1984 walihesabiwa katika Tanzania Bara watu zaidi ya 3,000 waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na wengi wao walikuwa wa nchi ya Wasukuma, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Sheria ya Uchawi ilikuwako tangu 1928, nayo yamkataza mtu kumtaja mwenziwe kuwa mchawi. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi. Lakini sheria peke yake haiwajibu wafiwa wanapouliza: Ndugu yetu ameuawa na nini?

Jibu la swali hilo huweza kupatikana katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo asili yake ni maabara ya wakati wa Wadachi, mwaka 1895, na leo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Daktari huchukua kipande cha ini, au damu, au chakula kilichosalia tumboni, akakitia katika chupa na kuifunga kwa lakiri. Mkemia huyeyusha kilichomo, akakigeuza kuwa mvuke na kuupitisha ndani ya mrija mwembamba sana, ambao urefu wake huweza kuwa mita 30. Kila kitu hutoka mwisho wa mrija kwa saa yake. Kingine hutangulia, kingine huchelewa. Kisha chombo cha pili hukivunja vipande vipande na kuvipima uzito. Njia hiyo ya mvuke ilitengenezwa Uingereza na James na Martin mwaka 1952. Saa ya kutoka ni shahidi wa kwanza, uzito wa vipande ni shahidi wa pili, navyo hulinganishwa na sumu iliyokwisha kujulikana. Torati yataka mashahidi wawili au watatu. Mkemia naye haridhiki na mmoja.

Basi swali letu ni hili: Je, yafaa kumwamini shahidi asiye na kinywa, asiyeweza kuapa wala kuona haya?

Wako wasemao, Hapana, chombo ni chuma tu. Hao na wakumbuke habari ya mwaka 1999. Wavuvi wengine walimwaga ziwani dawa za kuulia wadudu ili wapate samaki kwa urahisi, na nchi za Umoja wa Ulaya zikakataa samaki wa ziwa letu. Mvuvi aliyetega ndoana zake kwa haki alipata hasara sawasawa na mtia sumu, kwa maana samaki wa huyu na wa yule wafanana machoni. Angeapa mara mia, nani angemwamini? Kupima ndiko kulikoweza kutenga samaki safi na samaki wa sumu. Twafikiri kwamba chombo ni adui wa mkosaji tu, kumbe ni kimbilio la asiye na kosa ambaye neno lake halina uzito mbele ya watu.

Wako tena wasemao, Chombo hakili rushwa, basi na kihukumu chenyewe. Hao nao wamepotea. Chombo chaweza kusema, Katika ini hili mna dawa ya pamba. Hakiwezi kusema ni mkono wa nani ulioitia. Labda ni adui. Labda ni marehemu mwenyewe katika huzuni yake. Labda dawa iliwekwa jikoni katika chupa ya soda, mtoto akaidhania mafuta. Na chupa ile ya daktari ilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika Mwanza. Mmoja wao akiibadili, chombo kitasema kweli juu ya kitu cha uongo. Basi ukweli wa chombo wakaa juu ya uaminifu wa watu, kama nyumba juu ya msingi.

Kwa nini, basi, tumpendelee mkemia kuliko mpiga ramli? Tazama jambo moja. Mpiga ramli hakosi jibu kamwe. Kila aendaye kwake hurudi na jina. Mkemia mara nyingine husema, Sikuona sumu. Tena akiwa mwaminifu huongeza, Sikuona katika zile nilizozitafuta. Wafiwa huchukizwa na jibu hilo, lakini shahidi akiriye mpaka wa ujuzi wake ndiye astahiliye kusikiwa anaposema, Nimeona.

Lakini jibu la mkemia huchelewa, na hasira haingoji. Kweli ikifika kijijini baada ya bibi kukatwa kwa panga, itamfaa nani? Haitamfufua. Kwa hiyo kazi iliyo kubwa si ya maabara, ni yetu sisi tukaao msibani. Jina linapoanza kunong'onwa, mmoja na aseme kwa sauti, Hatujui bado. Mwingine na aende polisi, mwili upimwe kabla ya kuzikwa. Na siku zote za kungoja, wazee wawili watatu na walale mlangoni pa bibi.

Msomaji, siku ile ikija kijijini kwako, je, utakuwa miongoni mwa hao walalao mlangoni?